Nyasi Zako Hazijafa



Leo naongea na wewe uliye Minnesota. Naongea na wewe wa Wisconsin, wa North Dakota, na wewe ndugu yangu wa Winnipeg. Wengine mnaosoma mkiwa hapa nyumbani, msiondoke. Kila mmoja wenu ana mtu huko, na huyo mtu anahitaji neno hili wiki hii.

Theluji inayeyuka. Umeweka chini lile koleo la kutolea theluji. Umefungua pazia, ukaangalia uwanja wa mbele ya nyumba yako, na ulichokiona kimekuvunja moyo. Nyasi zimelala kama nywele zilizoloa. Zimekuwa kahawia, na mahali pengine ni kijivu kama jivu la jikoni. Kuna mabaka ya mviringo. Kuna vijia vilivyopindapinda, utadhani mtoto amechora kwa kidole. Kando ya barabara ni udongo mtupu.

Na jirani yako ameshatoa reki.

Nisikilize vizuri. Usizikanyage hizo nyasi. Usinunue kitu. Bado.

Najua inakuwasha mkono, kwa sababu najua tulivyolelewa. Mimi ni mtu wa Limuru. Kwetu mvua ya Machi inakukuta shamba limeshalimwa. Aliyejiandaa mapema anavuna, aliyechelewa anaomba unga kwa majirani. Mtoto wa Kenya anakua akijua kwamba Machi ni mwezi wa kutoka nje na jembe.

Hata nyasi zetu zimetufundisha haraka. Ule ukoka mnene tuliochezea mpira tukiwa wadogo, dunia inaujua kwa jina la nyasi za Kikuyu, kwa sababu asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Unachomeka kipande kwenye udongo wenye unyevu, na baada ya muda mfupi kinatambaa chenyewe mpaka ukikataze kuingia kwenye sukuma wiki. (Na tafadhali, usijaribu kubeba kipande cha kumbukumbu kwenye sanduku. Marekani wameuweka kwenye orodha ya serikali kuu ya magugu hatari, na hata ungepita nao, baridi ya Minnesota ingeuua.)

Sasa ukienda na akili ya Limuru mpaka Minneapolis, mwezi wa Machi utakimbia nje. Lakini udongo wa kule una desturi yake.

Kule ardhi huganda. Sisemi jalidi ya asubuhi inayounguza majani ya chai. Nasema kuganda kwenda chini. Kanuni za ujenzi za Minnesota zinataka msingi wa nyumba ushuke inchi 42 upande wa kusini wa jimbo, na inchi 60 upande wa kaskazini, ili ukae chini ya udongo unaoganda. Inchi 60 ni kama mita moja na nusu. Ni kina cha kaburi la mtu.

Fikiria barafu hiyo inavyoyeyuka. Jua la Machi linapasha juu. Sentimita chache za juu zinalegea, lakini chini yake bado ni jiwe. Maji ya theluji hayana pa kwenda. Yanakaa hapo hapo, na unapata tope lililolala juu ya barafu. Ukikanyaga tope hilo, unalishindilia. Zile nafasi ndogo ndani ya udongo zinazopitisha hewa na maji zinazibika, na mizizi inakosa pumzi. Unaona umetembea tu kwenda kuokota karatasi iliyopeperushwa na upepo. Kumbe umeacha madhara ambayo nyasi zitayalipia mpaka Julai.

Serikali ya jimbo inalijua jambo hili. Kila mwaka barafu ya chini ya barabara inapoanza kuyeyuka, idara ya uchukuzi ya Minnesota huweka vikwazo vya uzito kwa malori kwa wiki kadhaa, mpaka ardhi ishike nguvu tena. Mpendwa, kama barabara ya lami inapunguziwa mzigo wakati huo, je, nyasi zako?

Nimekaa na watu wetu kule misimu miwili ya kuchipua, nikilala kwenye nyumba zao na kushika reki zao. Na hata nikiwa hapa Limuru, kila Machi ikifika katikati simu huanza. "Pasta, nyasi zangu zimekufa." Sasa nikupe habari ya nyumba moja, na wenyewe wameniruhusu.

Ni mume na mke. Walipanga miaka tisa. Mume anafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mke anatoka alfajiri mume akiingia, na watoto wanapokezana mikononi mwao mlangoni. Wakanunua nyumba. Ilikuwa vuli, nyasi ni kijani, wakapiga picha, wakazituma kwa mama mzazi wa mume kule Nyamira. Mama akaiwekea picha fremu.

Theluji ikaja, ikakaa, ikaondoka. Walichokikuta chini yake ndicho hicho unachokiangalia wewe leo dirishani. Kabla wiki haijaisha, mtu wa kampuni ya nyasi akabisha hodi. Akatembea uwanjani, akatikisa kichwa, akawaambia kila kitu kimekufa. Dawa yake ilikuwa kung'oa zote na kutandika nyasi mpya, zile zinazokuja zimekunjwa kama mikeka. Bei aliyoitaja ilikaribia nauli ya familia nzima kuja Nairobi na kurudi.

Na hiyo nauli walikuwa nayo. Walikuwa wameiweka kidogo kidogo kwa sababu mama yule hajawahi kuwaona wajukuu wawili wa mwisho ila kwenye simu, na miguu yake imeanza kumsumbua.

Mume akanipigia. "Pasta, tufanyeje? Mtaa huu sisi ndio Waafrika wa kwanza. Sitaki waseme tumekuja kuharibu."

Umesikia hilo? Shida kubwa pale haikuwa nyasi. Ilikuwa macho ya watu. Wengi wenu mmefanya huo uwanja kuwa cheti cha tabia njema. Mnataka ukitazamwa useme: hawa ni watu wazuri. Naelewa. Lakini tembea mtaa mzima mwanzoni mwa Aprili uone. Uwanja wa kila mtu ni kahawia. Wa yule aliyezaliwa hapo ni kahawia. Miji mingi ina sheria kuhusu nyasi zilizozidi urefu, na hiyo uiheshimu ikifika wakati wake. Lakini hakuna anayemwandikia mtu barua kwa sababu nyasi bado zimelala.

Nikamwambia, "Subiri siku mbili tatu pakauke kidogo. Kisha simama kwenye njia ya gari, inama, ushike kishungi cha hizo nyasi za kahawia, uvute polepole."

Akavuta, simu ikiwa imewashwa video. Hazikung'oka.

"Tenganisha majani kwa vidole. Pale chini kabisa, usawa wa udongo, kuna rangi gani?"

Akanyamaza. Kisha akasema, "Peupe. Na kuna kijani kidogo."

Mpendwa, hapo ndipo uhai wa nyasi ulipo. Nyasi za huko, kama ile inayoitwa Kentucky bluegrass, ni za nchi za baridi. Zinajua kulala. Majani ya juu yanakauka, lakini shina dogo lililo usawa wa udongo linabaki hai, na mizizi na vishina vya chini ya ardhi vinangoja. Ukivuta zikakataa, na ukakuta weupe wenye uhai pale chini, zimelala tu. Ukivuta zikaja zote mkononi, kavu, bila kushika kitu, hapo pamekufa. Pima sehemu nyingi kabla hujatoa hukumu, maana uwanja mmoja unaweza kuwa na vyote viwili.

Yule bwana wa kampuni hakuinama hata mara moja.

Sasa chukua kalamu. Nakupa mpangilio, na kila jambo lina wakati wake.

Kwanza, pima udongo kwa mkono. Chukua konzi moja, ufinye. Ukibaki donge linalong'aa kwa maji, rudi ndani unywe chai. Ukimomonyoka ukiugusa kwa kidole, sasa unaweza kutembea juu yake. Na asubuhi yenye jalidi usikanyage kabisa, hata kama chini ni pakavu. Jani lililoganda likikanyagwa linavunjika ndani, na baadaye utaziona nyayo zako zimekauka kahawia.

Pili, yale mabaka ya mviringo ya kijivu au rangi ya waridi ni ukungu wa theluji. Ule wa kijivu unakua chini ya theluji iliyokaa muda mrefu. Ule wa waridi unaweza kuja hata bila theluji, ikiwa kuna baridi na unyevu. Mara nyingi unaharibu majani na kuliacha shina. Usinunue dawa ya ukungu mwezi wa Aprili, umeshachelewa, na ugonjwa wenyewe unakoma hewa ikikauka na kupata joto. Pakikauka, pitisha reki polepole uinue zile nyasi zilizogandamana, hewa na mwanga vifike chini. Nimesema polepole. Unachana nywele za mtoto, hulimi. Kinga yake hufanywa kabla ya baridi: endelea kukata mpaka nyasi ziache kukua, na usiache majani ya miti yakalala juu yake.

Tatu, vile vijia vilivyopindapinda ni kazi ya panya wadogo wa shambani. Majira yote ya baridi wamekuwa wakipita chini ya theluji, wakila nyasi, mwewe hawaoni. Kusanya uchafu wao kwa reki. Nyasi za pembeni zitafunga vijia vingi zenyewe. Pasipofunga, weka mbegu kidogo.

Nne, kando ya barabara na njia ya gari, hapo ni chumvi. Ile inayomwagwa ili watu wasiteleze hubebwa na maji mpaka kwenye udongo wako. Ardhi ikishayeyuka na kupitisha maji, mwagilia sehemu hiyo kwa wingi, mara kadhaa, ili chumvi ishuke chini kuliko mizizi. Mbegu zije baada ya hapo, maana ukiziweka kwenye chumvi unawatupia ndege chakula.

Tano, kukata. Tumia wiki hizi za kungoja kunoa kisu cha mashine. Kisu butu hakikati, kinachana. Weka urefu wa inchi 3, kama sentimita saba na nusu, na kila ukikata usiondoe zaidi ya theluthi moja ya jani. Maana yake ngoja nyasi zifike kama inchi nne na nusu. Usizinyoe kipara eti ziamke haraka. Jani ndilo jiko lao. Na ulichokikata kiache hapo hapo, kinaoza na kurudi kuwa chakula.

Sita, mbolea. Hapa ndipo pesa zenu zinaisha bure. Maduka yanapanga magunia mlangoni theluji ikiwa bado iko kwenye paa, na wewe unadhani kwa kuwa inauzwa leo, inatakiwa leo. Hapana. Ukiweka naitrojeni nyingi mapema, unailazimisha nyasi kutoa majani kabla mizizi haijajipanga, inatumia akiba yake, na jua la Julai linaikuta dhaifu. Ngoja mpaka umekata mara mbili au tatu, yaani mwishoni mwa Mei. Halafu angalia zile namba tatu kwenye gunia. Ya katikati ni fosforasi. Huko Minnesota kuna sheria inayozuia fosforasi kwenye mbolea ya nyasi, iliyoanza kutumika eneo la Minneapolis na St. Paul mwaka 2004 na jimbo zima mwaka 2005, kwa sababu ikifika kwenye maziwa inalisha mwani na maji yanaharibika. Kwa hivyo namba ya katikati iwe 0, isipokuwa unaotesha uwanja mpya au vipimo vya udongo vimeonyesha upungufu. Chuo Kikuu cha Minnesota kina maabara ya kupima udongo, watumie sampuli. Na punje zikidondoka kwenye lami, zifagie uzirudishe. Hilo nalo limo kwenye sheria.

Saba, magugu na mbegu. Kuna gugu moja la mwaka mmoja ambalo wenyeji huliita crabgrass. Mbegu zake huanza kuota udongo wa juu ukifikia kama nyuzi 13 za Selsiasi, yaani 55 za Farenhaiti. Dawa ya kulizuia iwekwe kabla tu ya hapo. Eneo la Minneapolis mara nyingi ni kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Mei, na joto likiwahi, nayo inawahi. Usiangalie kalenda wala jirani. Nunua kipima joto cha udongo, hakina gharama kubwa, ukichomeke inchi mbili chini. Lakini sikia: dawa nyingi za aina hiyo haziwezi kutofautisha mbegu ya gugu na mbegu yako. Zinazuia zote. Mahali utakapopanda mbegu, usiweke dawa. Mahali utakapoweka dawa, usipande. Soma maandishi ya gunia mpaka mwisho.

Na kama una kazi kubwa, kupanda upya uwanja mzima au kutoboa udongo ulioshindiliwa, iache mpaka katikati ya Agosti hadi katikati ya Septemba. Udongo bado una joto, usiku umeanza kupoa, magugu yamechoka. Huo ndio wakati wa kupanda wa kule, kama Machi ilivyo kwetu.

Ile familia ilifanyaje? Walimwambia yule bwana asante, hapana. Walingoja, na kungoja kuliwauma. Mke aliniambia kulikuwa na wiki nzima mwezi wa Aprili hakutaka kuangalia nje. Mwanzoni mwa Mei kijani kikaanza pembeni, kikaja katikati. Kufikia mwisho wa mwezi huo sehemu kubwa ilikuwa imerudi yenyewe.

Si yote. Kile kipande cha kando ya barabara hakikurudi. Waliweka mbegu Mei, zikaota, jua la Julai likazimaliza. Wakarudia mwisho wa Agosti na safari hiyo zikashika. Nakwambia hili ili usije ukasema Pasta aliahidi. Kungoja hakurudishi kila kitu. Kunakuonyesha tu ni kipi kilichokufa kweli, ukatumia pesa zako hapo peke yake. Wao walitumia gunia moja la mbegu.

Desemba walikuja. Mama wa Nyamira alikaa kwenye kiti nje ya nyumba yake, wajukuu wawili wamemkalia magoti mabovu, na hakuna aliyethubutu kuwaondoa.

Neno moja la mwisho kabla sijakuachia. Kuna mtu katika ushirika wenu aliyefika Novemba. Ni majira yake ya kwanza ya baridi. Zamani alikuwa anaimba, anacheka, anapiga simu. Siku hizi haji, haongei, na mmeanza kusema amepoa. Kabla hujatoa hukumu juu yake, nenda kwake ukae naye. Mpelekee chapati. Muulize analala vipi, anakula nini, na usikilize jibu mpaka mwisho. Kama amezama kwenye giza kuliko unavyoweza kumshika, mpeleke kwa daktari, uende naye. Nyasi unaweza kuziacha zingoje peke yake. Mtu, mngojee ukiwa karibu.

Sasa funga pazia, vua hayo mabuti, urudi kwenye kochi. Kesho ukitoka kazini finya udongo tena.

Bwana akupe subira, na akutunzie nauli yako.

Mtumie mmoja aliyeko kwenye baridi.